Damu Kwenye Gamba

Damu ilikuwa inatoka mgongoni.

Ilikuwa asubuhi pale Nungwi, Unguja, maji yamekupwa, na ngalawa ya wavuvi wa mshipi imeingia dikoni na kasa ndani. Hawakumvua. Walimkuta nje ya mwamba akielea upande mmoja, anapiga makasia yake ya mbele kutaka kuzama na bahari inamkataa. Mgongoni alikuwa na mikato mitatu iliyofuatana sambamba. Hakuna aliyeuliza imetoka wapi. Mtu wa pwani akiona alama ya pangaboi la mashine anaijua.

Kijana mmoja akasema, "Gamba tu hilo, mzee. Litaota tena."

Mzee aliyechuchumaa karibu na kasa hakumjibu. Alikuwa ameweka kitambaa juu ya mkato wa katikati, amekibana kwa mkono, na kitambaa kinazidi kuwa chekundu.

Kasa yule alikufa kabla ya adhuhuri.

Nilirudi mjini siku ile ile, nikaendelea na kazi zangu, lakini lile neno la kijana halikunitoka. Hakulisema kwa ubaya. Alisema tunachokisema sote, tulichofundishwa tangu wadogo: kobe na kasa wamepewa nyumba ya kubeba, na nyumba haiumwi. Sasa kama ni gamba tu, damu ile ilitoka wapi?

## Kuligeuza

Ami yangu anakaa Kizimkazi, na kwenye ukumbi wa nyumba yake limetundikwa gamba la kasa la zamani sana, la enzi ambazo nyama ya kasa iliuzwa mchana kweupe. Nimelikuta pale tangu utotoni. Nilimwendea nikamwomba anishushie.

"Unataka kununua?"

"La, ami. Nataka kuliona kwa ndani."

Akalishusha, akalifuta vumbi kwa kanga kuukuu, akaliweka chali juu ya mkeka. Maisha yangu yote nilikuwa nimeliona upande mmoja tu, ule wa nje, unaong'aa.

Ndani kuna mifupa ya mgongo.

Imepita katikati kuanzia shingoni hadi mkiani, pingili kwa pingili, imeshikana na gamba kiasi kwamba huwezi kuonyesha kwa kidole pingili inaishia wapi na gamba linaanzia wapi. Na kutoka kwenye kila pingili zinakwenda mbavu, kushoto na kulia. Mwanzoni ni pana na zimeungana kabisa, ubavu na ubavu, hakuna nafasi ya kupitisha hata wembe. Zikikaribia ukingoni zinakuwa nyembamba na kuachana, na ncha zake zinakwenda kushika mifupa midogo iliyozunguka gamba lote. Nilizihesabu kwa kidole huku ami akiniangalia. Jozi nane.

Nilikaa pale mkekani kwa muda mrefu.

Gamba la juu la kobe au kasa ni mbavu na uti wa mgongo vilivyopanuka na kuungana. La chini nalo ni mifupa: kwa kawaida tisa, na ile ya mbele kabisa ni mitulinga yake, ile ile mifupa miwili unayoigusa chini ya shingo yako. Ukijumlisha mifupa yote ya gamba, juu na chini, inafika kama hamsini na zaidi.

Juu ya mifupa hiyo kuna ngozi hai, nyembamba, na juu ya ngozi ndiyo kuna yale mabamba tunayoyaona. Mabamba ni keratini, kitu kile kile kinachotengeneza kucha zetu na kwato za ng'ombe. Hayana damu. Ukiyakwaruza kidogo hakimwagiki kitu, na nadhani hapo ndipo imani yetu ilipozaliwa. Lakini chini yake mfupa uko hai, una mishipa ya damu na una mishipa ya fahamu. Pangaboi halikwaruzi. Linapita kwenye keratini, linapita kwenye ngozi, linaingia kwenye ubavu.

Kuna jambo jingine nililoligundua siku ile ambalo lilinipendeza sana. Mistari inayogawa mabamba ya nje haifuati mistari inayogawa mifupa ya ndani. Maungio ya nje yanakaa juu ya mfupa mzima, na maungio ya mfupa yanakaa chini ya bamba zima. Hivyo hakuna mahali ambapo nyufa mbili zimekutana. Fundi mwashi anayejua kazi hupanga matofali hivyo hivyo.

## Bega ndani ya mbavu

Jiguse mgongoni. Kombe la bega lako liko nje ya mbavu. Ni hivyo kwa mbuzi, kwa kuku, kwa mjusi, kwa kila mnyama mwenye mifupa ya bega na mbavu unayeweza kumfikiria.

Isipokuwa kobe na jamaa zake. Wao bega liko ndani ya kifua.

Jambo hili limewasumbua wataalamu kwa zaidi ya karne moja, maana halionekani kuwezekana. Bega litaingiaje ndani ya mbavu bila kuzivunja? Mwaka 2009 watafiti wa Japani walieleza walichokiona ndani ya mayai ya kobe wa maji baridi. Kijusi kinaanza mifupa ikiwa imepangika karibu na ile ya wanyama wengine. Kisha mbavu, badala ya kupinda kuelekea tumboni na kukumbatia kifua, zinanyooka kwenda pembeni na kubaki mgongoni. Ukuta wa mwili unajikunja kwa ndani, na bega linajikuta chini ya mbavu. Halikuhama. Mbavu ndizo zilizokwenda njia nyingine zikalifunika.

Kila kitoto cha kasa kinachofukiwa mchangani Misali au Mnemba kinapitia mkunjo huo, gizani, kabla hakijavunja yai.

Baada ya hapo niliacha kusema kwamba kobe "anaishi ndani" ya gamba.

Hivi karibuni nilipeleka watoto wa dada yangu Changuu kuwaona wale kobe wakubwa ambao wazazi wao waliletwa kutoka Shelisheli mwaka 1919. Kila safari utamkuta mgeni anayegonga gamba kwa vifundo vya vidole, kung'ong'ong', kana kwamba anapiga hodi, na mwingine anayemweka mtoto juu apigwe picha. Walinzi wanakataza, na wanachoka kukataza. Watoto wale niliwaonyesha njia nyingine: weka kiganja taratibu, kikune kidogo, kisha tazama. Kobe mzee akasimama juu ya miguu yote minne, akanyoosha shingo, akatulia. Anahisi. Mguso wa kiganja unamfika kupitia kwenye bamba hadi kwenye kilicho hai chini yake, na uzito wa mtu mzima aliyekaa juu ya mgongo unamfika vile vile.

## Bei ya gamba

Hapa ndipo nilipokwama kwa siku nyingi.

Mbavu zetu zina kazi. Tukivuta pumzi zinafunguka, kifua kinapanuka, hewa inaingia. Mnyama aliyeunganisha mbavu zake zote zikawa fupa moja amejinyima njia hiyo ya kupumua. Kobe na kasa hupumua kwa misuli iliyo ndani, pembeni mwa tumbo, inayosukuma na kuachia viungo vya ndani, ikisaidiwa na mwendo wa mabega. Mapafu yenyewe yamelala juu kabisa, yamegandana na dari ya gamba.

Ndiyo maana kasa aliyelazwa chali anateseka: matumbo yote yanashukia mapafu. Ndiyo maana pia kasa aliyepasuliwa mgongoni anaelea upande. Pangaboi likipita kwenye gamba, pafu liko hapo hapo chini, na hewa ikivuja ndani ya mwili inamnyanyua kama yule wa Nungwi, hawezi kuzama kutafuta chakula wala kukimbia jua. Na mkato ukiangukia katikati, kwenye uti, makasia ya nyuma yanapooza.

Basi swali langu likawa: bei yote hii ililipwa kwa ajili ya nini?

Jibu ambalo sote tunalo ni ulinzi. Nami nilikuwa nalo. Lakini jaribu kulishikilia ukiwa unamtazama kasa. Hawezi kurudisha kichwa ndani. Hawezi kukunja makasia. Shingo yake iko nje usiku na mchana, na papa wale wakubwa wenye michirizi ubavuni wana meno ya kukata gamba la kasa mzima. Zaidi ya hapo, gamba la nusu lina faida gani? Mnyama wa kwanza aliyeanza kupanua mbavu hakuwa na gamba. Alikuwa na mbavu nene tu, zilizompunguzia pumzi na kumpunguzia mbio. Adui hazuiliwi na mbavu nene. Kwa hesabu ya ulinzi, huyo mnyama alikuwa amepata hasara tupu, na hasara haiendelei kwa mamilioni ya miaka.

Nilichokisoma kuhusu visukuku kilinifungua. Kule Afrika Kusini, kwenye miamba ya Karoo, kuna mifupa ya mnyama mdogo aitwaye Eunotosaurus, anayedhaniwa kuwa jamaa wa kale wa kobe, aliyeishi yapata miaka milioni 260 iliyopita. Hana gamba. Ana mbavu pana, chache, zinazokaribiana. Mwaka 2016 kundi la wataalamu waliochunguza mifupa yake walitoa hoja kwamba mnyama huyu alikuwa mchimbaji: mikono yake ya mbele ilikuwa na nguvu, kucha kubwa, na mbavu pana zilimpa mwili imara wa kuegemea wakati mikono inafukua ardhi. Kisha China, mwaka 2008, kilitangazwa kisukuku cha miaka milioni 220 hivi, Odontochelys, chenye meno mdomoni, gamba kamili la tumbo, na mgongoni bado hakuna gamba, ni mbavu zilizopanuka tu.

Kwa hoja hiyo, mbavu zilipanuka kwanza kwa ajili ya kufukua. Ulinzi ulikuja baadaye, juu ya mwili ambao tayari ulikuwa umeshalipa bei.

Nakubaliana na hoja hiyo, na sababu yangu si ya kitaalamu. Nimemwona kasa jike akipanda pwani usiku, maji ya bamvua, akavuta mwili wake hadi juu ya mstari wa mawimbi akaanza kufukua shimo la mayai. Pumzi yake unaisikia ukiwa mbali, nzito, ya kukatika, kwa sababu tumbo lake limekandamizwa na uzito wake mwenyewe na mbavu haziwezi kumsaidia. Lakini kazi ya kufukua haimshindi.

Na gamba likishakuwepo, kila jamaa amelitumia kwa haja zake. Kasa wa bahari amelipunguza uzito, ameacha zile nafasi karibu na ukingo nilizoziona Kizimkazi, amelichonga lipite majini bila kukwama. Yule mkubwa kuliko wote, anayepita mbali kwenye maji ya kina na kuzama zaidi ya mita 1,000, ameacha mabamba kabisa. Mgongo wake ni ngozi ngumu yenye maelfu ya vifupa vidogo, unaonesa bahari ikimbana. Bara kwenye vilima vya mawe, Tanzania na Kenya, kuna kobe bapa mwenye gamba jembamba linalobonyea. Akitishwa hajifichi ndani yake, anakimbia kujibana kwenye ufa wa jabali. Na Marekani ya Kaskazini kuna kobe wa mabwawa wanaokaa miezi chini ya barafu bila kuvuta pumzi. Asidi inajaa kwenye damu yao kiasi cha kuua mnyama mwingine, na madini yanayoizimua yanatolewa kwenye gamba.

Mfupa hai, unaotoa na kupokea. Ukifika hapo, neno "gamba tu" linakuwa gumu kutamka.

## Ng'amba

Bibi yangu alikuwa na kitana cha ng'amba. Rangi ya asali, na mawingu ya kahawia ndani yake, na ukikishika juani kinapitisha mwanga. Alikipata kwa mama yake. Ninakipenda kitana kile, na sitajifanya kwamba sikipendi.

Ng'amba ndiye kasa ambaye mabamba yake yana thamani, kwa kuwa ni manene na yamelaliana, moja limefunika ukingo wa jingine, wakati ya kasa wa kawaida yamekaa ubavu kwa ubavu. Yale makubwa ya mgongoni ni kumi na matatu: matano katikati, manne kila upande. Yakichemshwa yanalainika, yanabanwa kwenye umbo lolote, na vipande viwili vikibanwa kwa moto vinashikana kuwa kimoja. Pwani yetu imeuza bidhaa hii tangu zamani mno. Mfanyabiashara wa Kigiriki wa karne ya kwanza, aliyeandika habari za bandari za bahari hii, alitaja kisiwa ambacho wengi wanadhani ni Pemba au Unguja, na watu wake wanaovua kasa kwa mitumbwi na kwa madema yaliyotegwa kwenye milango ya mwamba. Karibu miaka elfu mbili. Biashara ya kimataifa ya ng'amba imepigwa marufuku kwa mkataba tangu 1977, ambayo kwa kipimo hicho ni juzi.

Mabamba hutenganishwa na mfupa kwa moto au maji ya moto. Sehemu mbalimbali za dunia yaliwahi kutolewa mnyama akiwa hai, kisha akarudishwa baharini kwa imani kwamba yataota upya.

Litaota tena. Maneno yale yale ya dikoni.

Keratini huota, ndiyo, pale ambapo ngozi ya chini imesalimika. Mfupa uliopasuka nao huunga, polepole, kwa miezi mingi hadi mwaka na zaidi, ikiwa uchafu haukuingia na mnyama anapata kula. Ngozi iliyounguzwa haioteshi kitu. Wala kitana cha bibi hakitokani na kitu kilichookotwa pwani. Kimetoka mgongoni mwa mnyama aliyekuwa anahisi.

Habari za nyama ya kasa siziandiki hapa. Kisiwa Panza, Pemba, Machi 2024, watoto wanane na mtu mzima mmoja walikufa baada ya kuila. Wapemba hawahitaji kukumbushwa na mimi.

## Mwendo wa boti

Nilipoanza kuandika haya nilidhani nitaishia kwenye mifupa. Lakini kasa wa Nungwi hakuuawa na mwindaji. Hakuna aliyemtaka. Aliyempiga huenda hata hakujua.

Kasa akiwa kazini, anakula majani chini ya maji, hupanda kuvuta hewa kila baada ya dakika chache. Mgongo unakuja karibu na uso wa maji, na mgongo ndio unaopigwa. Watu wengi wa boti huniambia kasa atasikia mashine na kukwepa. Kuna utafiti uliochapishwa 2007 kutoka pwani ya Queensland, Australia, uliojaribu jambo hilo hasa: boti ikapitishwa kwenye maji mafupi wanapolisha kasa, kwa mwendo tofauti. Kwa kilomita 4 kwa saa, kasa 60 katika kila 100 walikimbia. Kwa kilomita 11, wakawa 22. Kwa kilomita 19, wanne. Watafiti waliona kwamba kasa anategemea zaidi macho kuliko sauti, na boti ya kasi inamfika kabla hajaiona vya kutosha.

Kilomita 19 kwa saa kwa boti za watalii zinazokimbilia Mnemba asubuhi si kasi. Ni kujizuia.

Nilizipeleka namba hizo kwa nahodha mmoja ninayemheshimu, mtu wa Matemwe aliyekulia kwenye ngalawa kabla ya kushika mashine. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, "Kilomita nne ni mwendo wa kutembea kwa miguu. Wageni wangu wanataka kuwahi pomboo, na nikichelewa mwenzangu kawachukua. Unaniambia nitembee kutoka hapa hadi Mnemba?"

Sikuwa na jibu la safari nzima. Nilimuuliza kitu kidogo zaidi: wapi anaviona vichwa vya kasa mara nyingi?

Hapo hakufikiri hata kidogo. Akanichorea mchangani kwa kijiti. Hapa mwamba, hapa mlango, hapa ndani kuna majani mafupi. Maji yakiwa yanajaa utawaona hapa na hapa, asubuhi hasa, na wakati wa kusi wanasogea huku. Anajua bahari ile kwa namna ambayo hakuna ramani iliyoniambia. Kipande chote alichokichora, akipita polepole, kinamgharimu dakika chache.

"Hicho naweza," akasema. "Kipande hicho tu, na maji yakiwa yanajaa. Lakini mimi mmoja hainisaidii kitu, wenzangu watanipita. Kama unataka wapunguze wote, usiandike tu. Njoo kwenye kikao cha kamati ya wavuvi, uje na hilo gamba la ami yako, uligeuze mbele yao."

Ami amekubali kuliazima. Kikao ni baada ya maji ya bamvua kupita.